Shukrani kwa dada wa dirisha la dawa

Dada, jina lako sikuliuliza. Ulikuwa zamu siku nilipokuja na mama kuchukua haloperidoli, dawa yake ya ugonjwa wa akili, pamoja na atane, mwaka wa 9 huo akizitumia. Kimoyomoyo nilikuwa nimeshaamua: vidonge vyote navitupa chooni. Mikono ilimtetemeka hadi chai inamwagika, na mdomo mkavu kutwa.

Hukunigombeza. Uliniuliza tu, "Mama analala saa ngapi?" Sikujua! Ukanieleza kuwa haloperidoli ndiyo inayoweza kuleta mtetemeko, atane hutolewa kuutuliza, nayo hukausha mdomo. Na kwamba kukatisha ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa kwa kishindo. Niandike kwenye daftari kwa wiki 4: usingizi, mikono, maneno yake. Kisha twende kwa daktari, na mama mwenyewe aulizwe anataka nini. Hilo la mwisho, aibu yangu, halikuwahi kunijia.

Daktari alilisoma daftari lote. Akapunguza haloperidoli kutoka miligramu 10 hadi 7.5, akatuambia turudi baada ya mwezi. Dawa bado anatumia. Lakini jana alijimiminia chai mwenyewe, akanimiminia na mimi.

Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie.