Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: wakivamiwa usiku, nani atawafuata?

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mama wa askari wawili, naishi Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi. Sijawahi kumwandikia kiongozi yeyote, na hata hii nisingeiandika kama Jumapili jioni mwanangu mdogo asingepiga simu: "Mama, jina langu limetoka. Tunakwenda Beni."

Nilikuwa namenya ndizi za mtori. Nilikaa na kisu mkononi mpaka nyama ikaungulia jikoni.

Beni, huko mashariki mwa Kongo, naijua, Mheshimiwa, ingawa sijafika. Kaka yake alikuwa huko na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kambi ya Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017, waasi wa ADF walipoivamia. Wenzake 15 waliuawa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Wangu alirudi na risasi ya paja, nikamshukuru Mungu huku najua kuna mama wenzangu wanapokea majeneza.

Na halikuwa la kwanza. Tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo, pale Mamundioma, eneo lilelile, tulishapoteza askari wawili. Mwewe akishanyakua kifaranga kimoja, mwenye kuku hangoji arudie.

Machi 2018 Umoja wa Mataifa ulitoa matokeo ya uchunguzi. Binti yangu alinisomea: mafunzo yalikuwa na mapengo, uongozi na amri vilikuwa na kasoro, ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia havikutosha. Pia hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada wala kuwaondoa. Hapo nilimwambia arudie. Akarudia. Nikatoka nje.

Huku kwetu helikopta hupita mara kwa mara kwenda kuwachukua wageni waliozidiwa mlimani. Kila ikipita mwanangu mkubwa huacha anachofanya. Kama ameshika kikombe, kikombe hubaki hewani mpaka mlio upotee nyuma ya migomba. Siku moja aliniambia usiku ule, kila kilichonguruma alidhani ni helikopta yao. Hajaongeza neno tangu hapo, nami sijamuuliza.

Kambi ile ilikuwa karibu na milima ya Rwenzori, yenye barafu kama mlima wetu, na ng'ambo yake ni Uganda. ADF walianzia huko Uganda miaka ya 1990, wakahamia Kongo, na mpaka wanauvuka watakavyo: Juni 2023 waliwaua wanafunzi Mpondwe, upande wa Uganda, ndani ya shule yao. Majeshi ya Uganda na Kongo yanawasaka pamoja tangu Novemba 2021, na bado wanaua. Kwa nini hawaishi? Mimi ni mkulima wa kahawa, si mtaalamu, lakini nadhani wapo wanaokula kwa vita hiyo. Kule kuna kakao, kuna mbao, na mwizi wa shamba hapendi mwenye shamba alale kwa amani. Tena sisi wa mlimani tunajua msitu unavyomficha anayeujua na unavyommeza mgeni. Vijana wetu kule ni wageni, Mheshimiwa.

Nimepanda daladala mara nne kufuatilia matibabu ya yule mkubwa katika ofisi moja nisiyoitaja. "Faili halijarudi, mama." Mara ya nne alinisindikiza mwenyewe, akapanda ngazi akishika ukuta, na jibu likawa lilelile. Alipokuwa anapelekwa Kongo faili lake halikupotea hata siku moja. Lakini hilo naliweka kando. Leo namwandikia mdogo.

Sisemi asiende. Aliapa, na baba yake, aliyelala hapo kihambani, angemwambia aende. Wala siombi siri za jeshi. Mpango wa kuwafuata wakizidiwa, ule uliokosekana Semuliki, sasa upo? Umejaribiwa, tena usiku, tena mvua ikinyesha? Helikopta ipo, na rubani anaruhusiwa kuirusha gizani? Tangu Machi 2018 nangoja kiongozi asimame atuambie sisi wazazi kilichobadilika.

Mkiona hayo yote ni mengi, nijibu moja tu kabla hawajaondoka: kambi ya mwanangu ikivamiwa usiku, nani atawafuata, na atafika baada ya saa ngapi?

Nipo nyumbani, simu naiweka karibu. Nijibu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mama wa askari wawili
Uru, Moshi