Msiwashikishe wote chuma kilichonyooka

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala ya ukurasa wa afya ya Jumamosi iliyopita, iliyowahimiza vijana kujenga misuli ya mikono. Makala yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na picha. Kijana ameshika chuma kilichonyooka kama rula, viganja vyatazama juu, vifundo vimepinda kwa nyuma hadi ngozi imefanya mikunjo, na chini yake mmeandika kwamba huo ndio mkao sahihi. Mkao huo mimi uliniweka bila kazi wiki sita.

Mimi ni mchonga milango hapa Langoni, Lamu. Mkono wa kushoto washika patasi, wa kulia nyundo, na mlango mmoja wa mbambakofi wenye nakshi kwenye mfaa na kizingiti hunila miezi. Kwa hiyo nikitaja kifundo cha mkono, yaani pale saa inapofungwa, nautaja mtaji wangu.

Alasiri nikishafunga karakana hujiunga na vijana wa mtaa uani kwa jirani, tukapiga chuma mpaka adhana ya magharibi. Vifaa ni vya kujitengenezea: bomba la maji la inchi moja na nusu, kila ncha imezamishwa katika kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege. Kopo moja ni kilo 9 na ushei, kwa hiyo ukijumlisha na bomba umeshapita kilo 20. Nilikuwa nikilikunja hilo hadi kifuani mara kumi kumi, huku nimetoa macho kama samaki wa mnadani. Mwezi wa pili nikaanza kusikia kama sindano upande wa kidole cha mwisho, kwanza nikimimina chai, halafu nikishika patasi. Ua moja la nakshi liliharibika hivyo. Ilinibidi nilichimbe upya, likawa na kina kuliko wenzake. Mwenye mlango hajajua hadi leo, na kama asoma gazeti hili namwomba radhi.

Tabibu niliyemwendea aliuliza kwanza kama kidole gumba, cha shahada na cha kati vyafa ganzi, kwani hiyo ingekuwa dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa. La, nikamwambia. Akabonyeza upande wa kidole cha mwisho, nikaruka kitini. Akasema hapo ndani mna gegedu na kano ndogo zinazochoshwa na mzigo mkono ukiwa umepinduliwa hadi mwisho na kifundo kimepindishwa pembeni. Kisha akanipa ufagio, akataka nimwonyeshe ninavyonyanyua. Hakumaliza kuangalia, akacheka.

Alinieleza, nami nikaelewa kwa lugha ya karakana. Ule msuli wa mbele ya mkono ambao vijana huuita baisepu una kazi mbili. Hukunja kiwiko, na huzungusha kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, ili kiganja kitazame juu. Ukikaza skrubu kwa mkono wa kulia huku umekunja kiwiko, huo ndio unaozungusha. Ndiyo maana watu hupenda kiganja kitazame juu kabisa, na kweli hapo msuli hufanya kazi sana. Lakini achia mikono yako ining'inie, geuza viganja mbele, utazame: vigasha havishuki wima, vyatoka nje kidogo, na kwa wanawake mara nyingi vyatoka zaidi. Chuma kilichonyooka chavilazimisha viganja viwili vilale kwenye mstari mmoja. Tofauti hiyo lazima ilipwe mahali. Kiwiko ni kama bawaba, chafunga na kufungua, hakiendi kando. Basi deni humwangukia kifundo.

Niliporudi nyumbani nilichukua patasi mbili, nikazishika vipini kwa ulegevu, nikafumba macho nikakunja mikono taratibu kana kwamba nanyanyua. Mwanangu akaweka ubao mbele yangu, akachora kwa penseli mlalo wa kila kipini. Mistari haikuwa sawasawa. Vidole gumba vilikaa juu kuliko vidole vya mwisho, na mkono wa kulia, wa nyundo, ulikuwa umelala zaidi kuliko wa kushoto. Ubao huo nimeutundika karakanani pamoja na vipimo vya milango.

Nikaupeleka kwa fundi wa kuchomelea. Bomba letu lilikuwa la zinki, akakataa kulitia moto, maana moshi wa zinki humwachia mtu homa. Alitafuta bomba jeusi jembamba, akalijaza mchanga mkavu na kuziba ncha ili lisibonyee, ndipo akalipinda likawa kama nyoka aliyelala. Umbo hilo si geni. Mmarekani Lewis Dymeck alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya chuma cha namna hiyo mwaka 1950, na jimu za mijini wanacho. Nililinyanyua siku ya kwanza bila kusikia sindano. Hata hivyo mkono wa kulia haukuridhika, kwa sababu fundi alizipinda pande zote mbili sawasawa, na mimi sikuumbwa hivyo.

Dawa hasa ilikuwa ya bei rahisi zaidi, nayo ni vyuma viwili vifupi, kimoja kila mkono. Hapo hakuna mstari wa kulazimishana. Naanza viganja vikitazamana kama nimeshika nyundo, na kadiri mkono unavyopanda naugeuza mpaka unapotaka wenyewe kusimama. Kulia husimama mapema, nami siubishii. Siku kifundo kikiwa kizito siugeuzi kabisa, nanyanyua na kushusha kwa mshiko wa nyundo. Baisepu hufanya kazi kidogo hapo, siwadanganyi, lakini msuli ulio chini yake na ule mnene wa juu ya kigasha huubeba mzigo, na mkono hujaa vilevile.

Kuna na jambo la unene ambalo picha yenu haikuligusa. Bomba la inchi moja na nusu lina milimita 48 kwa nje, ilhali chuma cha mashindano kina kama milimita 28. Kitu kinene hakikubali vidole vifunge, basi kigasha chakaza kwa nguvu kabla baisepu haijaanza kuchoka. Nilikuwa nikidhani nina mikono dhaifu kumbe nilikuwa nimeshika nguzo. Siku hizi chuma hukikalisha ndani ya kiganja karibu na kifundo, si kwenye vidole, na nyuma ya mkono huwa mstari mmoja na kigasha. Kifundo kikianza tu kulala nyuma najua mzigo ni mzito, naupunguza. Kushusha nako nashusha polepole, maana hapo ndipo nilipokuwa nikiliachia bomba lianguke na kunivuta.

Vijana walinicheka. "Ami, hivyo ni vyuma vya wagonjwa," alisema mmoja, mwenye punda wa kubebea saruji, kijana mwenye kifua kama mlango wa ngome. Sikumjibu. Juzi nimemwona amefunga kitambaa kifundoni, anapakia shogi kwa mkono mmoja. Nikamwita aje kusimama mbele ya ubao. Mistari yake imelala kuliko yangu.

Nawaombeni mkichapa tena picha ya mazoezi, mpigeni mtu kwa ubavuni, kifundo kionekane, na kando yake awepo mwingine mwenye vyuma viwili vifupi. Bomba la zinki bado liko uani kwa jirani na makopo yake. Atakayelitaka aje na mkokoteni, ila asiseme sikumwonya.

Mchonga milango,
Langoni, Lamu