Barua kwa Mwanangu: Makasri Tisa ni Mengi

Mwanangu Rukia,

Assalaamu alaykum. Hapa Mombasa sote wazima, goti la mamako limetulia, na viza zimetoka, alhamdulillahi. Ratiba yako ya makasri ya huko Ufaransa nimeisoma, kisha nikamsomea mamako kwa sauti: Chambord, Cheverny, Blois, Chaumont, Amboise, Chenonceau, Villandry, Azay-le-Rideau, Ussé. Makasri tisa kwa siku tatu! Ameuliza kama tunakuja kutembea au tunafukuzwa.

Wajua babako ni fundi mwashi. Fort Jesus nimeizunguka tangu utotoni na bado kuna pembe zake zinanisimamisha. Sasa kasri la mfalme nitaliona vipi kwa saa moja, tena nikiwa nahimizwa nirudi garini? Nimeyafuta sita. Yamebaki matatu, kila siku moja: twende asubuhi kabla ya mabasi ya watalii, tule, mamako apumzike, jioni tukae kando ya mto Loire tukizungumza. Hayo mengine yamesimama miaka mia tano, yatatungoja.

Gari pia usikodi. Leseni yako bado mbichi na huko wanaendesha upande wa kulia. Tutalala hapo Tours ulipo, tupande treni za mkoa. Amboise ni kama dakika 20, na kwa Chenonceau stesheni iko karibu kabisa na lango.

Tuanze na Amboise. Humo ndimo Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa alimojigonga kichwa kwenye mlango mfupi mwaka 1498, akienda kutazama mchezo wa mpira, na akafa saa chache baadaye. Huo mlango nataka kuuona kwa macho yangu! Mchoraji Leonardo da Vinci naye alihamia mji huo mwaka 1516, akafia hapo Mei 1519, na kanisa dogo lenye kaburi lake liko juu ya ukuta wa kasri. Lakini kinachonipeleka mimi hasa ni bustani. Amiri Abd el-Kader wa Algeria alipojisalimisha mwaka 1847, Wafaransa walimwahidi kumpeleka nchi ya Waislamu. Ahadi haikutimizwa. Kuanzia 1848 hadi 1852 alizuiliwa Amboise na jamaa zake, wanawake na watoto wakiwemo, na baadhi yao wakafia humo, wakazikwa uwanjani mwa kasri. Mwaka 2005 msanii wa Algeria, Rachid Koraïchi, aliwawekea mawe ya kumbukumbu 25. Watalii wengi, nadhani, hupita wakimkimbilia Leonardo. Sisi tutasimama hapo tuwasomee Fatiha bila kutazama saa. Amiri mwenyewe aliachiwa, akaishia Damascus, na mwaka 1860 fujo zilipozuka huko akawakinga maelfu ya Wakristo wasiuawe. Yaani mtu aliyevunjiwa ahadi namna ile.

Chenonceau ni la mamako. Nimemhadithia habari za Mfalme Henri wa Pili, aliyempa kimada wake Diane de Poitiers kasri hilo, huku mkewe Catherine de Médicis akimeza mate. Diane akajenga daraja juu ya mto Cher. Mwaka 1559 mfalme akajeruhiwa kwa mkuki katika mchezo wa farasi, akafa, na Catherine hakuchelewa: alimtoa Diane hapo akampa Chaumont, kisha juu ya daraja lile lile akajenga ukumbi wa mita 60. Mamako amecheka mpaka akakohoa. Bustani zao wawili zipo mpaka leo, kila moja upande wake wa njia. Na ukumbi huo ulikuwa hospitali ya majeruhi katika vita vya 1914. Vita vya pili vilipokuja, mto Cher ukawa mpaka wa eneo lililokaliwa na Wajerumani, na mlango wa mwisho wa ukumbi ukafungukia upande wa pili. Watu walitorokea humo.

Ukuta wa Chenonceau niache niuguse. Jiwe la kule, tuffeau, ni jeupe na laini likitoka machimboni, kisha hewa hulikaza, kama matumbawe yetu yanapotolewa baharini.

La tatu ni Chambord, ingawa halina reli na inabidi tupande basi kutoka Blois. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519, mabomba ya moshi 282, ukuta wa kilomita 32 kuzunguka msitu, halafu katika utawala wake wote akalala humo siku sabini na kitu tu. Upuuzi wa pesa. Ila ngazi yake! Ni ngazi mbili zinazojizungusha katika nguzo moja tupu katikati. Wewe ukipanda huku na mamako kule, mtachunguliana madirishani bila kukutana mpaka juu. Wengi wanasema wazo ni la Leonardo. Nataka nikae chini yake niichore hadi nielewe uzito unashukia wapi, na hapo msinisemeshe.

Tutakuja mwishoni mwa Septemba, joto likishapungua na wanafunzi wamerudi shule. Chakula tutabeba wenyewe, mikate na matunda, kwani migahawa ya malangoni huwa ya kukamua wageni. Tutie na jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, ile yenye majivu juu na unyasi uliopita katikati. Mamako haamini kuna watu wanaokula kitu chenye unyasi.

Usilipe tiketi yoyote mpaka unijibu: je, basi la Chambord hufanya kazi siku za wiki msimu huo, au mwisho wa wiki tu? Na mamako anauliza alete buibui zito au hili la kawaida litatosha.

Wasalaam,
Babako