Kwako, mtoto wa mjomba, kuhusu Cluny

Mtoto wa mjomba,

Tangu tumzike mama hatujazungumza, na watu wa nyumbani wanadhani tunagombea shamba. Wewe unajua ni Cluny, ile abasia, yaani nyumba ya watawa, kule Ufaransa.

Wewe ndiwe uliyetuendesha kutoka Lyon, ukalipia chakula, ukambebea mama mkoba wake njia nzima, na kwa hayo Mungu akulipe. Lakini tulipofika ndani ya mkono wa kusini wa kanisa la abasia ile, sehemu kubwa pekee iliyobaki imesimama, ulitazama saa ukamwambia, “Shangazi, hapa hapana kitu, turudi.” Mama, aliyefundishwa kusoma na Wabenedikto wa Peramiho na aliyehifadhi zaburi za Masifu ya Jioni, alikuwa ameinua uso akilitazama dari la mawe lililo juu karibu mita 30. Akakufuata garini bila neno.

Hapana kitu? Abasia ile ilianzishwa mwaka 910 na Guillaume, mtawala wa Aquitaine, ambaye aliikabidhi kwa Mitume Petro na Paulo bila kujiachia mamlaka yoyote juu yake. Abate Hugh, aliyeiongoza kuanzia 1049 hadi 1109, alianza kujenga kanisa hilo, la tatu mahali pale, mwaka 1088, akisaidiwa na dhahabu ya Mfalme Alfonso VI wa León na Castile. Papa Urbano II, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtawa wa Cluny, aliitabaruku altare kuu mwaka 1095. Mafundi walichagua matao yenye ncha, ambayo hayasukumi kuta kwa nje kwa nguvu kama matao ya mviringo, na ndiyo maana walithubutu kupandisha dari zito kiasi kile. Sehemu yake iliporomoka mwaka 1125, wakaijenga upya. Pamoja na ukumbi wake wa mbele, kanisa lilifikia urefu wa mita 187, na halikupitwa na jingine katika Ukristo mpaka lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro kule Roma. Hayo nilitaka mama ayasikie palepale, chini ya dari lenyewe.

Nakushauri, ndugu yangu, ukimpeleka mzee mahali alipopatamani maisha yake yote, usimhesabie dakika. Mimi nilinyamaza kwa kuwa gari lilikuwa lako na sisi tulikuwa wageni wako, na sioni ningesema nini bila kumwaibisha mama. Harusi ya binti yako nayo sikuja kwa sababu hiyo, wala si kwa kiburi kama unavyowaeleza watu.

Wanao nasikia umewaambia kwamba kanisa lilianguka kwa uzee. Waeleze ilivyokuwa: baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, mwaka 1798, kwa wafanyabiashara waliopitisha barabara katikati yake na kuyauza mawe yake hadi 1823. Lilivunjwa na watu walioliangalia wakaona hapana kitu.