Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Pamoja na Ile Habari ya Hela ya Pati

Ndugu wanachama,

Wakubwa zangu shikamoni, rika langu mambo vipi, wadogo zangu poleni na foleni za Ubungo. Hii ndo taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kama katiba ya umoja wetu wa tuliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inavyodai. Nimeiandika mwenyewe maana katibu yuko safarini kikazi, kwahiyo mkiona imenyooka mjue ni mimi, mkiona imepinda mjue niliandika usiku.

Nianze na yale mnayoyajua tuyamalize fasta. Misiba mitano, yote tulifika na laki tatu tatu zilikabidhiwa. Wagonjwa wawili, laki mbili mbili. Harusi ya kijana wetu wa Tabata ilichangiwa pembeni haimo kwenye hesabu hii, msije mkaniuliza. Bonanza halikufanyika. Kamati imekaa vikao vyake. Basi, hayo yameisha.

Hesabu: mwaka tuliuanza na 2,140,000, ada zikaingia 3,660,000, jumla 5,800,000. Zimetoka 4,220,000, yaani rambirambi 1,500,000, wagonjwa 400,000, ile ziara 2,150,000 (tulieni nakuja huko), makato ya benki na karatasi 170,000. Benki ipo 1,580,000. Dada mhazini ana risiti zote kwenye faili, anayetaka kuziona aende, ila aende na adabu maana yule dada hajawahi kulipwa hata nauli.

Sasa ada. Daftari lina majina 186. Waliolipa ni 61. Ada yenyewe ni 60,000 kwa mwaka, ukigawa ni elfu tano kwa mwezi, na humu ndani kuna mameneja, mawakili, wakandarasi, kuna watu wana magari ambayo sitaki hata kuyataja. Na katika hao 61 wapo waliolipa baada ya mimi kuwapigia simu mpaka wakawa hawapokei, nikatumia namba ya mke wangu. Kwenye grupu la WhatsApp mtu akiweka picha ya zamani ya bweni la Hall Two watu wanajaa, wanakumbushana madesa (noti za kunakili), nani alipata sapu (mtihani wa marudio), nani alidisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), nani alikula bumu (hela ya kujikimu) lote wiki ya kwanza. Weka namba ya kulipia ada, kimyaaa. Mkutano mkuu walikuja 23 na mmoja wao alikuwa amemsindikiza mwenzake. Halafu hao ambao hawakuja ndo wa kwanza kuandika "kwanini hatukushirikishwa". Ndugu yangu, ulishirikishwa, ulikuwa hujafungua mesej.

Na hapo ndo naingia kwenye hii ya pati.

Bajeti ilitenga 2,600,000 kwa ajili ya pati ya kufunga mwaka. Mwezi wa tano kamati ikaamua pati isiwepo, hela hiyo ipeleke wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka shule mbili za kata, moja Goba nyingine huko Kimara kwa juu, wakashinde siku nzima Mlimani. Watoto 120 na walimu wao 10. Mabasi mawili 900,000, chakula cha watu 130 kwa elfu sita sita ni 780,000, daftari na kalamu 270,000, maji na dharura 200,000. Jumlisheni wenyewe. Ile 450,000 iliyobaki kwenye fungu la pati haijaliwa na mtu, imo humo humo kwenye 1,580,000. Mafuta ya gari langu ya kufuatilia vibali mashuleni na chuoni sijayadai na sitayadai, nayataja tu ili yajulikane.

Maneno yaliyofuata mnayajua. Kwanza ikasemwa nimevunja katiba. Sijavunja. Katiba inaipa kamati ruhusa ya kubadilisha matumizi yasiyozidi milioni tatu bila kuitisha mkutano mkuu, na kipengele hicho tulikipitisha wenyewe, na aliyekipendekeza ndo huyo huyo anayelalamika leo (simtaji, anajijua). Pili ikasemwa mwenyekiti anautafuta udiwani. Jamani. Mi nyumba yangu yenyewe kikao cha wapangaji kinanishinda, udiwani nitauweza wapi? Picha niliyopiga na watoto mbele ya ukumbi wa Nkrumah nilipigwa na mwalimu wao, sikuomba.

La tatu ndo lina uzito na nitalijibu kwa heshima kwasababu limesemwa na wakubwa. Wamesema chuo kina serikali, kina wafadhili, maktaba kimejengewa na Wachina, kuna mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya nchi nzima na Mlimani wamo, sasa sisi na vilaki vyetu vya nyama choma tunaenda kukisaidia nini? Tukutane, tule, tujuane, ndo kazi ya umoja.

Wakubwa zangu, chuo hatukukipa hata shilingi. Tulipeleka watoto, basi. Watoto wa Goba wanapita Sam Nujoma kila leo, Mlimani City wanaijua duka kwa duka na ile ni ardhi ya chuo, lakini ukiwauliza kuhusu chuo chenyewe wanakwambia kule juu ni kwa wenye vitambulisho. Kuna mmoja alidhani Mlimani ni ya Wakenya, sijui alitoa wapi. Hiki chuo kilianza Oktoba 1961, miezi miwili kabla bendera haijapanda, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wachache sana, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kikahamia Mlimani 1964, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha nchi, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wa chuo. Nchi ilikuwa maskini na ikakijenga hivyo hivyo. Mlipa kodi aliyetusomesha sisi hakuwa na mtoto chuoni, wengi wao hawakuwa hata na mtoto sekondari. Sasa mjukuu wa huyo mlipa kodi haujui mlango wa kuingilia, na sisi tunagombana mbuzi wangapi wachinjwe.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri sana, nasema hivyo sio kwasababu niliiandaa mimi. Chuo kilitupokea, nawashukuru. Maktaba mpya ile iliyofunguliwa 2018 ina nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja, watoto walipoingia walinyamaza wenyewe bila kuambiwa na mwalimu wao akaniangalia kama haamini. Ila kilichowakamata zaidi sio majengo. Mkubwa wetu mmoja aliyesoma historia aliwakalisha chini ya miti akawasimulia mradi wa utafiti wa Maji Maji wa 1968, jinsi idara ya historia ilivyotuma wanafunzi vijijini kwenda kukaa na wazee waliokumbuka vita, wakawasikiliza na kuandika, maana mpaka hapo habari za vita ile zilikuwa zimejaa kwenye mafaili ya Wajerumani tu. Binti mmoja akauliza, kwahiyo nikienda kumuuliza bibi yangu wa Kilwa na kuandika, na huo ni utafiti? Mzee akamjibu ndio, ila uandike na siku na jina la bibi na umuulize na bibi wa jirani. Nadhani hilo jibu moja lina thamani ya mabasi yote mawili.

Halafu vyura. Hawa wa Kihansi, wadogo wa njano wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai, walikuwa wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi kule Udzungwa na hakuna kwingine duniani. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mtambo wa umeme manyunyu yakapungua, baadae ukaja na ugonjwa wa fangasi, wakaisha porini. Waliopona ni kizazi cha wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na 2010 vyura mia moja wakarudishwa kwa ndege, unajua walishukia wapi? Mlimani, kwenye chumba maalum cha kuwazalisha. Watoto walicheka kwamba kuna chura amepanda ndege na wao bado, lakini maswali yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha: umeme na chura nani wa muhimu, nani anaamua, kwanini hawakupima kabla. Mimi nilisoma biashara sikuwa na majibu, nikawasukumia kwa dada yetu wa zuolojia ambaye alikuja bila kulazimishwa na ada alikuwa ameshalipa, hongera yake.

Wakasikia na habari ya mwani, Profesa Keto Mshigeni alivyoanza kuchunguza mimea ya baharini wenzake wakimshangaa, na leo akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanaishi kwa kilimo hicho. Wakasikia kwamba kamusi ya Kiswahili iliyotoka 1981, wanayoiona mezani kwa mwalimu wao, ilitungwa na TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo sa hivi ni sehemu ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, hapo hapo kilimani. Wakasikia kwamba vyuo vikuu vya Sokoine ya Morogoro, Muhimbili na Ardhi vyote vimepita mikononi mwa Mlimani kabla ya kujitegemea, na vyuo vya elimu vya DUCE ya Chang'ombe na Mkwawa ya Iringa bado ni wanawe. Sasa niambieni, hayo wangeyasikia wapi? Kwenye pati yetu? Pati ya mwaka juzi nilikuwepo, mada ilikuwa Simba na Yanga mpaka saa saba usiku.

Nakubali, kuna wanachama ambao pati ndo siku pekee wanaonana na wenzao, na wapo waliofiwa mwaka huu walioitaka hiyo siku kwa sababu zao. Wale hawakunipigia kelele, walinipigia simu taratibu, na kwao nasema tutaliangalia. Wale wa kelele, wengi hawamo kwenye 61. Ningeweza kusoma majina. Sisomi.

Mipango ya mwaka ujao. Tunatarajia kuongeza idadi ya wanachama hai, Mungu akipenda. Ziara tungependa ifanyike tena, pengine shule za Mbagala au Kigamboni, hilo litategemea hela. Kuna wazo la kuwasaidia kidogo kidogo wanafunzi wa mwaka wa tatu gharama za utafiti wao wa mwisho, bado hatujakaa nalo. Pati, kama waliolipa watafika mia, kamati iko tayari kuizungumza. Tunaongea pia na wenzetu wa sheria pale chuoni kuona kama msaada wao wa kisheria wa bure unaweza kufika kwenye mtaa mmoja wapo siku ya Jumamosi, wakikubali mtaambiwa.

Uchaguzi ni kwenye mkutano mkuu unaokuja. Kuna wanaosema niachie, fomu ziko kwa katibu, hazina gharama, ila kugombea lazima uwe umelipa ada. Mpaka naandika hapa hakuna aliyechukua.

Malipo yapelekwe kwenye akaunti ya umoja au kwa dada mhazini, namba mnazo. Msitume kwenye simu yangu, na aliyetuma elfu thelathini juzi bila jina ajitokeze niirudishe au aniambie ni nusu ya mwaka gani.

Mwenyekiti
Dar es Salaam