Kibunduki cha kujikunja hakitulindi kwenye dungu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkulima huku Nachingwea, nina mihogo, mahindi na mikorosho kidogo, naomba nafasi niseme na vijana wetu maana naona wanaelekea kubaya. Siku hizi kwenye simu zao zinazunguka video za vile vibunduki vya Wazungu vya kujikunja, vya kuishi porini, na juzi kijana wa jirani kaja mpaka kwangu ananiambia baba mdogo hii ndo dawa ya nguruwe pori wanaotumalizia mihogo, tuchange watu watano tutafute mtu atuvushie kimoja tulale kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba usiku, bila wasiwasi.

Nimekaa nae tukaangalia video mpaka mwisho. Kweli kinavutia, hiyo AR-7 ya Marekani mtutu, magazini na vyuma vyote vinaingia ndani ya kitako, ukikidondosha mtoni kinaelea, uzito wenyewe haufiki kilo mbili. Ila risasi yake ni ile ndogo ya .22, jamani hiyo ni ya sungura na kanga! Vitu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya rubani ndege yake imeanguka, apate kitoweo mpaka wenzie waje kumuokoa. Angalia ile M6 ya jeshi la anga la Marekani, ina mitutu miwili, wa juu .22 Hornet na wa chini wa marisau, yale ya vipunje vingi, ya .410, inakunjwa katikati, kwenye kitako kuna matundu ya risasi 9 za juu na 4 za chini basi, na triga yake wameifanya bapa refu ili mtu aliyevaa glavu za baridi aweze kuibana. Baridi gani Nachingwea? Wajerumani nao vita kuu ya pili marubani wao wa Afrika Kaskazini waliwapa bunduki ya mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa raifo ya milimita 9.3, hiyo angalau ina kishindo, lakini sio hiyo vijana wanayoitaka.

Sasa njoo kwenye dungu. Nguruwe pori unawasikia kabla hujawaona, mihogo inakatika ka, ka, ka gizani, sisi tunapiga debe na kumulika tochi. Ukimpiga na .22 anaingia kichakani na jeraha lake, asubuhi unafata damu anakutoka anakupasua paja. Na nguruwe akija simba yuko nyuma yake, sisi wa Lindi hatuhadithiwi hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba walikula watu huku, wengine wakiwa shambani wanalinda. Tembo ndo usiseme, umemkasirisha tu, na atakaekutana nae ni mama wa watu anatoka kisimani.

Gobole, hii bunduki yetu ya kienyeji, silitetei. Mjomba wangu alifyatua moja mtutu wake ulikuwa bomba la maji, likapasukia nyuma, dole gumba likabaki linaning'inia kwenye ngozi, tukamfunga kwa khanga ya shangazi tukampakia kwenye bodaboda usiku ule ule, mpaka leo jembe analishika kwa vidole vinne. Na hicho cha kuvusha ni jela, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, mchango wa watu watano sio leseni.

Tunachotaka ni askari wa wanyamapori wakae karibu mahindi yanapokomaa, wawe na gari na raifo kubwa, maana msimu uliopita tulipiga simu saa tatu usiku wamefika kesho yake jioni, shamba limeshakuwa uwanja wa mpira. Na kijiji kiruhusiwe bunduki moja ya marisau namba 12 yenye leseni, ishikwe na mgambo aliyefundishwa. Kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa shamba lililoliwa na wanyama, nacho kije kabla hatujauza mbuzi kununua unga.

Kijana nimemwambia asubiri kwanza hii barua itoke. Leo zamu ya dungu ni yetu wawili, debe lipo, na tochi nimetia betri mpya.

Mkulima,
Nachingwea, Lindi