Barua ya wazi kwa mpwa wangu niliyemkatia kamba

Mpwa wangu,

Nasikia unawaambia watu hapo barazani Ngamiani kwamba mjomba wako alikukatia kamba yako ya kukwea miamba kwa wivu wa uzee. Haya. Waliosikia hilo wasikie na hili.

Kamba ile ililala kwenye buti ya gari pamoja na betri iliyopinduka. Ulisema mwenyewe. Kamba ya kukwea ni nailoni, na asidi ya betri huila nailoni kimyakimya: rangi inaweza kubaki ileile, nyuzi zisichomoze, ukiipapasa usihisi kitu. Siku ya kuning'inia ndipo inapokatika. Kuifua hakuiponyi. Wala huwezi kutoa kipande kibaya ukabaki na kizuri, maana huoni asidi imefika wapi. Nikaikata vipande vya mita moja moja, kwa sababu ningeitupa nzima ungeenda kuiokota jalalani. Nakujua tangu unanyonya.

Na usikimbilie kamba ya jahazi, wala ya katani kwa kuwa tumezaliwa kwenye mkonge. Ya kukwea huvutika mtu anapoanguka, ikapunguza kishindo. Isiyovutika inakirudisha chote kiunoni mwako na kwenye nanga uliyopigilia mwambani.

Lakini kamba si iliyoniuma. Umesahau harusi ya dada yako? Sahani ya pilau mkononi, mama yako anakuuliza, mkianguka huko kwenye majabali ya Irente, Lushoto, nani atawatoa. Ukacheka: "Mama, siku hizi kuna helikopta." Wageni nao wakacheka. Dada yangu akaondoka kimya kurudi jikoni, na wewe ukaongeza nyama.

Ndiyo, mwaka 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle aliitua helikopta kileleni Everest. Siku aliichagua yeye. Majeruhi hachagui. Hewa ikiwa nyepesi, kwa urefu wa mlima au kwa joto, panga za helikopta zinazozunguka hazipati cha kushika na nguvu ya kubeba inapungua. Irente si ndefu kiasi hicho, ila ina ukungu, na rubani asiyeuona mwamba hausogelei. Akiuona pia, panga haziwezi kuugusa, kwa hiyo mtu huvutwa kwa waya wa winchi au hubebwa kwanza hadi penye uwazi. Abebwe na nani?

Aliyezirai akining'inia kwenye mkanda wake wa kukwelea bila kusogeza miguu anaweza kufa nawe bado unaeleza kwenye simu mko wapi. Wa kumshusha ni aliyemshikia kamba. Akifika chini mlaze, hakikisha anapumua, shingo yake usiipindepinde.

Kumshusha nako kuna hesabu yake. Ukuta wa mita 35 unataka kamba ya mita 70, maana inapanda hadi nanga ya juu na kurudi chini. Ukiwa na ya 60, mwisho wake utachomoka mkononi mwako mwenzako akiwa bado juu. Watu wazoefu wamekufa hivyo. Fundo moja kwenye ncha ya chini linazuia, nawe ulinijibu kuwa mafundo ni ya wanaojifunza. Mwanangu, una mikono mizuri, miepesi kuliko ilivyokuwa yangu. Nani kakwambia mikono inatosha?

Na helikopta yako ikija, inua mikono yote miwili juu, iachane kama herufi V: ndiyo, tunahitaji msaada. Usiipunge, rubani hataelewa. Kanga, kofia, mifuko, kila kinachopeperuka kifungwe au kikaliwe. Ikitua, ngoja akuite, umwendee kwa mbele anakokuona, mbali na panga za mkiani. Penye mteremko ingia kwa upande wa chini, kwa kuwa upande wa juu panga ziko usawa wa kichwa. Ikishusha waya, iache ndoano iguse ardhi ndipo uishike, kabla ya hapo ina umeme. Na usiifunge kamwe kwenye nanga ya mwambani: upepo ukiisukuma helikopta, rubani hana budi kuukata waya, na aliyefungwa humo ndiye wa kwanza kulipa.

Haya yote nilitaka kukueleza usiku ule wa harusi, ukasema mjomba anawatia watu hofu. Wakitiwa, ubaya uko wapi?

Kabla hamjapanda, mwachie mtu wa chini jina la ukuta, saa ya kurudi, na namba ya simu inayoshika mtandao huko. Mimi umenifungia simuni. Basi mwachie baba yako mdogo, simu yake haizimwi.